Moshi wa Moto wa Msituni na Moyo wa Mtoto Aliye Tumboni

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi mvua za Machi zinapokaribia, wakazi wa Kieni, Mathira na Tetu hutazama milima kwa wasiwasi. Jua huwa kali, nyasi za juu hukauka, na cheche moja ya mrina asali, ya mchoma makaa au ya mfugaji anayetaka majani mapya inatosha kuwasha mlima mzima. Mlima Kenya uliwaka hivyo mwaka wa 2012 na tena 2019. Aberdare iliwaka Februari 2022.

Moto ukishazimwa, hesabu inayotolewa huwa ya ekari zilizoungua, wanyama waliokufa na mito itakayopungua maji. Moshi hauhesabiwi. Huteremka mabondeni, hukaa siku kadhaa, kisha hupotea, na watu husahau. Lakini katika nyumba zilizofunikwa na moshi huo huwa kuna wanawake wajawazito, na baadhi yao hawajajua bado kwamba wana mimba. Somo hili linawahusu hao hasa, kwa sababu moyo wa mtoto hujengwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani.

Moyo hujengwa lini?

Wahudumu wa kliniki huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mimba yenyewe hutungwa wiki mbili hivi baadaye. Takriban siku 22 baada ya kutungwa, moyo huanza kupiga. Wakati huo haujawa moyo kama tunavyoujua; ni mrija mdogo tu, nao mtoto mzima ni mdogo kuliko punje ya mchele. Katika wiki zinazofuata mrija huo hujikunja, hugawanyika vyumba vinne, kuta hujengwa kati ya vyumba, vali huumbika, na mishipa mikubwa miwili hutenganishwa ili mmoja upeleke damu mapafuni na mwingine mwilini. Kufikia wiki ya kumi kwa hesabu ya kliniki, kazi kubwa ya ujenzi imekwisha. Baada ya hapo moyo hukua tu.

Chukua mfano wa mwanamke ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 5 Januari, na mzunguko wake ni wa siku 28. Mimba hutungwa karibu na tarehe 19 Januari. Angetarajia hedhi nyingine tarehe 2 Februari, asiione. Wengi hungoja kwanza, maana hedhi huweza kuchelewa kwa uchovu au mawazo. Tarehe 10 Februari moyo wa mtoto unaanza kupiga. Tarehe 2 Machi hedhi ya pili nayo haionekani, na sasa mama ana hakika. Tarehe 16 Machi wiki kumi zimetimia, na moyo umeshaumbika.

Tarehe hizo zote zimo ndani ya msimu wa kiangazi, msimu uleule wa mioto. Tena wanawake wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano. Muuguzi anapompima mama huyo kwa mara ya kwanza, anapima mimba ambayo moyo wake ulikamilika wiki nyingi zilizopita. Ushauri wa kujikinga na moshi ukitolewa kliniki pekee, huwa umechelewa kwa sehemu hii ya mwili wa mtoto.

Kuna nini ndani ya moshi?

Moshi wa msituni ni mchanganyiko wa vitu vingi, lakini viwili vina uzito zaidi kwa mjamzito.

Cha kwanza ni chembechembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndogo zaidi kati ya hizo, zile ambazo upana wake haufiki sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita, hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika mwisho wa mapafu, na baadhi huingia katika damu. Mwili wa mama hupambana nazo kama unavyopambana na maradhi, na mapambano hayo huathiri mishipa ya damu. Zamani iliaminika kwamba kondo la nyuma ni ukuta usiopitisha uchafu wa namna hii. Mwaka wa 2019, watafiti wa Ubelgiji walichunguza makondo ya wanawake waliojifungua na kukuta chembe za masizi upande ule unaomwelekea mtoto. Hao walikuwa wanawake waliovuta hewa ya kawaida ya kila siku. Hawakuwa karibu na moto wowote wa msitu.

Cha pili ni hewa ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Haina harufu wala rangi. Ikiingia katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huzunguka bila kubeba kinachohitajika. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika hewa hii kwa nguvu kuliko ya mama yake, na huchukua muda mrefu zaidi kuiachilia. Mama anaweza kutoka nje, akavuta hewa safi na kujisikia nafuu, huku mtoto akiwa bado hajapata nafuu hiyo.

Joto nalo lina sehemu yake. Homa kali au joto jingi mwilini katika wiki za mwanzo za mimba limehusishwa na kasoro za moyo, na siku za moto mlimani kwa kawaida huwa ndizo siku za joto kali zaidi za mwaka.

Utafiti umeonyesha nini?

Hapa inafaa kusema ukweli wote, kwa sababu kumtisha mjamzito bila sababu pia ni madhara.

Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Ndiyo kasoro ya kuzaliwa nayo inayoonekana zaidi kuliko nyingine zote, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi, na matundu mengi madogo huziba yenyewe mtoto anapokua.

Mwaka wa 2002, watafiti wa jimbo la California nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto waliozaliwa kusini mwa jimbo hilo kati ya 1987 na 1993. Waligundua kwamba akina mama waliovuta kaboni monoksaidi nyingi zaidi katika mwezi wa pili wa mimba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mtoto mwenye tundu la aina hiyo. Mwezi wa pili ndio mwezi ambao ukuta huo hujengwa. Chanzo cha hewa hiyo kilikuwa hasa magari, lakini sumu ni ileile. Tafiti zilizofuata katika miji mingine hazikukubaliana zote; baadhi ziliona uhusiano, nyingine hazikuuona. Zinazohusu moshi wa msituni wenyewe na moyo bado ni chache.

Kuhusu kuzaa kabla ya wakati, ushahidi ni mzito zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikadiria kwamba huenda moshi wa mioto ya misitu ulichangia watoto njiti wapatao 7,000 California kati ya 2007 na 2012. Jambo hili linarudi moyoni kwa njia nyingine. Kila mtoto aliye tumboni ana mshipa mfupi unaoikwepesha damu mapafu, kwa kuwa hayatumii bado. Mtoto aliyetimiza miezi huufunga mshipa huo katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Kwa njiti, mara nyingi hubaki wazi, na moyo mchanga hulazimika kusukuma damu kuliko uwezo wake. Kwa hiyo moshi una nyakati mbili za kuogopwa: wiki za mwanzo, moyo unapoumbwa, na miezi ya mwisho, mtoto anapoweza kuzaliwa mapema.

Je, hatari hiyo ni kubwa kiasi gani kwa mama mmoja? Tuseme, kwa mfano tu, kwamba moshi mwingi uliongeza hatari kwa robo. Kati ya watoto 1,000, badala ya 10 kuwa na kasoro ya moyo, wangekuwa 12 au 13. Wengine 987 wangezaliwa na mioyo mizima. Mwanamke aliyevuta moshi wa mlimani Februari hana sababu ya kukata tamaa juu ya mimba yake, na hakuna daktari atakayemshauri aitoe kwa ajili hiyo. Vilevile, mama ambaye mtoto wake amezaliwa na kasoro asilaumiwe na mumewe wala mama mkwe kwamba alitembea kwenye moshi. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha kwamba moshi ndio uliosababisha kasoro ya mtoto mmoja. Lakini kwa kaunti nzima, yenye maelfu ya mimba kila mwaka, watoto wawili au watatu zaidi katika kila elfu si jambo dogo.

"Sisi tumezoea moshi"

Jibu hili husikika sana, na lina msingi wake. Nyumba nyingi za mashambani hupika kwa kuni, na nyanya waliolea watoto kumi jikoni mwenye moshi bado wapo na wana nguvu.

Mwili, hata hivyo, hauzoei sumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chembechembe ndogo zisizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku. Katika jiko la mafiga lisilo na bomba la moshi, kiwango hicho hupanda kufikia mamia wakati wa kupika. Mama anayepika humo tayari amebeba mzigo, na moshi wa mlimani unapofika hauanzii sufuri. Unaongezwa juu ya ule wa kila siku. Ndiyo maana hatua yenye faida kubwa siku ya moto inaweza kuwa ndani ya boma lenyewe: mjamzito asipike kwa kuni siku hizo. Apike mtu mwingine, au chakula kipikwe kwa gesi kama ipo, au kipikwe mara moja kwa siku nzima na kuni zilizokauka vizuri, ambazo hutoa moshi kidogo kuliko mbichi.

Siku ya moshi

Vipimo vya hewa ni vichache nje ya miji mikubwa, kwa hiyo macho ndiyo kipimo cha kwanza. Kama kilima, mnara au kanisa linaloonekana kila siku kutoka mlangoni limefunikwa na ukungu usio wa mvua, hewa hiyo haimfai mjamzito hata kama pua haisikii harufu. Pua huchoka haraka na kuacha kusikia.

Katika nchi ya mabonde kama hii, moshi una saa zake. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani na kuuleta moshi chini, ukatulia mabondeni hadi jua lipashe ardhi. Mara nyingi asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na alasiri upepo huuinua. Mjamzito anayechuma majani chai alfajiri, anayekata nyasi za ng'ombe au anayeteka maji mtoni afanye kazi hizo baadaye, au asaidiwe. Anayetembea kupanda mlima akiwa na mzigo huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa, na moshi pia.

Ndani ya nyumba, chagua chumba kimoja, ikiwezekana cha kulala na kilicho mbali na jiko. Funga madirisha na uzibe nyufa za mlango kwa nguo yenye unyevu. Usiwashe humo mshumaa, ubani, koili ya mbu wala taa ya mafuta ya taa. Usifagie vumbi kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Moshi ukiinuka alasiri, fungua madirisha hewa ibadilike, kisha ufunge tena kabla ya jioni.

Onyo moja hapa linazidi mengine yote. Usiku wa Kieni ni baridi hata wakati wa kiangazi, na familia nyingi huingiza jiko la makaa ndani ili kupata joto. Nyumba iliyozibwa dhidi ya moshi wa nje, ikiwa na jiko la makaa ndani, ni hatari kuliko moshi wenyewe. Watu wameamka wafu katika nyumba kama hizo. Kama hakuna njia nyingine ya kupata joto ila makaa, ni heri kuacha madirisha wazi na kuvuta moshi wa mlima. Njia bora ni mablanketi, soksi na chupa ya maji moto.

Dalili za sumu hiyo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Kwa mjamzito dalili hizo hudanganya, kwa kuwa kichefuchefu cha asubuhi ni jambo la kawaida. Ishara ya kutofautisha ni hii: kama wengine nyumbani nao wanaumwa kichwa, au kama hali inatulia akitoka nje, si mimba. Kila mtu atoke nje mara moja, na mjamzito apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, maana mtoto huhitaji mama apewe oksijeni kwa muda mrefu zaidi.

Barakoa za kitambaa na zile za buluu za hospitali hazizuii chembechembe ndogo. Leso iliyoloweshwa pia haizizuii. Barakoa za aina ya N95 huzizuia ikiwa zimebana uso pande zote, na mjamzito anaweza kuzitumia anapolazimika kutoka. Akihisi kizunguzungu au kukosa pumzi aivue na kupumzika. Hakuna barakoa kati ya hizo inayozuia kaboni monoksaidi. Kwa mwenye jamaa mbali na msitu, kuhamia kwao kwa siku chache kunasaidia kuliko barakoa yoyote, hasa kwa aliye na pumu, shinikizo la damu au historia ya kuzaa njiti.

Vijana na wanachama wa vyama vya jamii vya misitu wanaopanda kusaidia kuzima moto hurudi na masizi kwenye nguo na nywele. Wavue nguo hizo nje na kuoga kabla ya kuingia nyumbani, na zisifuliwe na mjamzito. Wanawake wanaowapelekea chakula wazima moto wasiwe wajawazito, wala wale ambao hedhi zao zimechelewa. Katika hili, mwenye shaka ahesabiwe kuwa mjamzito.

La kumwambia muuguzi

Hedhi ikichelewa kwa wiki moja, pima mimba. Kliniki isingoje tumbo lionekane. Ukienda mapema utaanza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, utapimwa damu, mkojo na shinikizo, na kisukari kitagunduliwa kama kipo. Kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake ni kisababishi cha kasoro za moyo kinachojulikana vizuri zaidi kuliko moshi, na kinatibika. Pombe na sigara pia, pamoja na sigara ya mume anayevuta ndani ya nyumba.

Mweleze muuguzi kuhusu moshi bila kungoja kuulizwa: ulikuwa na mimba ya wiki ngapi, moshi ulikaa siku ngapi, unapika kwa nini. Aandike katika Kijitabu cha Mama na Mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe skani angalau mara moja kabla ya wiki 24. Karibu na wiki ya 18 hadi 22, vyumba vinne vya moyo huweza kuonekana, na mpigaji skani aliyeambiwa mapema atauangalia moyo kwa makini zaidi. Ikionekana kasoro, familia hupata muda wa kupanga kujifungulia mahali penye daktari wa watoto.

Moshi ukiwapo katika miezi ya mwisho, usingoje siku ya kliniki ukiona maji yamevunjika, damu, uchungu kabla ya wiki 37, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au mtoto kupunguza kucheza.

Mtoto akishazaliwa, mwombe muuguzi ampime oksijeni kwa kile kifaa kidogo kinachobanwa mkononi na mguuni kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani. Kipimo hakiumi na huchukua dakika chache. Nyumbani, mtazame anaponyonya. Mtoto mwenye moyo unaosumbuka huchoka haraka titini, hutoka jasho kichwani akinyonya, hupumua mbio hata akiwa amelala, haongezi uzani, au huugua nimonia mara kwa mara. Midomo na ulimi vikiwa vya buluu, ni dharura ya saa hiyo. Mtoto wa aina hii hupewa barua ya rufaa. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanywa humu nchini, ikiwemo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret.

Anayeona moto msituni apige 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, kisha amjulishe chifu au kituo cha misitu kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji aambiwe siku hiyohiyo ni nyumba zipi zina wajawazito na zipi zina wanawake ambao hedhi zimechelewa, ili azifikie kabla ya moshi kuteremka usiku.